Jumamosi: mbuzi wetu na nusukaputi ya sindano na gesi

Habari zenu wapendwa. Mazoezi ya Jumamosi yanaanza saa 2 kamili asubuhi, chumba cha upasuaji wa mifugo, si darasani tena.

1. Zamu ya bandani: majani yaondolewe Ijumaa saa 6 mchana, maji saa 4 usiku. Tafadhali msilegeze hapa. Tumbo likijaa, mbuzi hucheua akiwa usingizini na uchafu ukaingia mapafuni.

2. Zamu ya dawa: zailazini (dawa ya kutuliza) kidogo, kisha ketamini (dawa ya kulaza usingizi) ya mshipa. Mbuzi huzidiwa upesi na zailazini, kwa hiyo mpimeni uzito asubuhi hiyohiyo, msikisie.

3. Zamu ya hewa: mrija wa kupumulia, wenye puto la kuziba pembeni, uingie kwenye koo la hewa mbuzi akiwa amelalia kifua, kichwa kimeinuliwa. Puto likishajazwa ndipo tufungue isofluraini (gesi ya usingizi), tena kidogo, kwani ketamini bado inafanya kazi. Akishalazwa ubavu, mdomo uwe chini kuliko koo ili mate yatoke.

Kila mmoja aje na stetoskopu.

Naombeni kila mtu athibitishe hapa kabla ya Alhamisi saa 12 jioni: jina na zamu unayotaka. Asanteni sana.