Harusi Mbweni, harusi Nungwi: kwa nini bei ya droni haiwi moja

Ujumbe unaotufikia sana sisi wapiga picha za droni hapa Zanzibar ni huu: "Nyinyi mnatupiga, mwenzangu mlimrushia droni Nungwi kwa bei ndogo, mie harusi yangu Mbweni mnaniongezea pesa na mnanambia nisubiri kibali, kwani droni si ile ile?" Juzi mteja mwengine kafuta oda na kaondoka na maneno mazito kwamba sisi wezi. Limetuuma, basi leo tulieleze.

Droni ndo ile ile, ila Nungwi iko mbali na uwanja wa ndege, na Mbweni, Chukwani, Kiembesamaki zote ziko ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, na anga ya pale inaongozwa na mnara wa kuongozea ndege kuanzia ardhini, si kule mawinguni tu kama watu wanavyodhani. Ndege inayotua hushuka kwa mteremko wa digrii 3 hivi, kwa hiyo ikibakisha kilomita 2 kufika iko kama mita 100 hadi 120 juu ya mapaa ya watu, na mita 120 ndo urefu ule ule ambao kila mwenye droni anaambiwa asiupite, basi anajiona yuko salama! Na usinambie "mbona hapa kwetu ndege hazipiti". Ndege hutua zikiukabili upepo, kusi likivuma zinaingia kwa upande wa mjini, kaskazi ikija zinatokea upande wa pili, pahala palipokuwa kimya mwezi wa pili mwezi wa saba pana ngurumo kutwa.

Sasa wateja wanachofanya ni kumwita kijana wa mtaani mwenye droni yake. Kuna hoteli moja Chukwani ilifanya hivo, kijana kairusha kutoka juu ya paa la ghorofa, skrini inahesabu urefu kuanzia pale ilipoondokea, maana urefu wa jengo zima haumo kwenye hesabu, mara Caravan, ndege ndogo ya abiria, hiyo inaingia, watu wakapiga kelele, polisi wakaja wakachukua droni na kadi yenye picha zote. Hoteli ikarudi kwetu ikalipa upya. Kijana anajitetea kwamba ingekuwa haramu droni ingekataa kuruka, lakini DJI wenyewe, kampuni inayotengeneza droni, kule Marekani washaondoa kufuli hilo la kuizuia isiruke karibu na viwanja tangu Januari 2025, wameacha onyo tu, anayejibu ni aliyeshika rimoti.

Kijana yule hakukusudia, tunaamini. Hata marubani wenye leseni na ramani hujikuta na vindege vyao ndani ya anga inayoongozwa bila ruhusa, upepo umewasukuma au hawakuangalia urefu, kwani huko juu hakuna ukuta. Lakini rubani ana redio, mnara unamwita unamgeuza. Huyu wa droni nani atamwita? Kule Quebec, Kanada, Oktoba 2017, droni iligonga ndege ya abiria yenye watu 8 ikijiandaa kutua, ikatua salama alhamdulillahi.

Kwa hiyo pesa yako ya Mbweni inalipia kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ndo wanaosimamia anga hadi huku visiwani) na kufuatilia idhini ya Wizara ya Ulinzi, na mtu wetu wa pili ambaye kazi yake kutazama juu tu, hagusi kamera, na simu kwa mnara kabla ya kupaa na baada ya kushuka. Kuna harusi Kiembesamaki bibi harusi ndo kwanza anatoka, mnara ukatwambia shusheni, ndege inaleta mgonjwa kutoka Pemba. Tukashusha pale pale. Mjomba mtu alitufokea mbele ya wageni na sisi tukasubiri hadi turuhusiwe, na tutafanya vile vile kesho.

Ukitaka tarehe yako tutumie pini ya pahala na saa ya shughuli wiki kadhaa kabla, na kama muda ushapita tutakupigia kwa kamera za chini, hapo pesa ya kibali hatukutozi.