Shangazi, usiiache hiyo simu kabla hujaingia kwenye setingi

Shikamoo shangazi,

Nimeamua kukuandikia hapa hadharani maana najua hauko peke yako, wako mashangazi na wajomba kibao wana simu za Android (mfumo unaoendesha simu nyingi zisizo iPhone) za miaka sita saba na wameshazikatia tamaa. Unasema simu imezeeka, maandishi huyaoni, inakwama kwama na chaji haifiki jioni. Sawa, imezeeka kweli, ila tangu itoke kwenye boksi hiyo simu haijawahi kupangwa kwa ajili yako wewe, iko vile vile walivyoiacha kiwandani, na wale hawakujui, hawajui macho yako yakoje wala nani akipiga lazima upokee hata kama ni usiku wa manane.

Kwanza tuondoe hofu, maana naona hata ukifungua Mipangilio, yaani setingi, unatoka mbio kama umeingia chumba cha watu. Shangazi, karibu kila kitu humo ukikigusa kikakukera unakirudisha kama kilivyokuwa. Cha kuogopa kweli ni kile cha kurudisha simu ilivyotoka kiwandani, hicho kinafuta picha, meseji, kila kitu, na chenyewe kinakuonya kabla, kwa hiyo ukiona simu inauliza kuhusu kufuta data yote, toka. Kingine kinachofanana nacho jina ni kuweka upya mapendeleo ya programu, hicho hakifuti picha wala meseji, kinarudisha tu zile apu ulizozima na ruhusa ulizozuia, usivichanganye hivi viwili.

Haya, macho. Nenda Mipangilio, alafu Skrini au Onyesho inategemea na simu, tafuta Ukubwa wa fonti, sogeza mpaka maandishi ya mfano usome bila kukunja uso. Kama simu yako ina toleo la Android 7, lile la 2016, au la juu yake, chini ya hapo utakuta na ukubwa wa vitu kwenye skrini, hicho kinakuza mpaka vibonyezo na picha za apu, na kwa vidole vyetu ndo kinasaidia zaidi kuliko fonti. WhatsApp ina ukubwa wake wa fonti kwenye setingi zake za gumzo, kwa hiyo kama kule maandishi bado madogo wala simu haijakudanganya, ingia na kule. Alafu kwenye sehemu ya Ufikivu, ile ya kuwarahisishia wenye shida ya kuona au kusikia, kuna ukuzaji, ukishauwasha unagonga skrini mara tatu haraka haraka na pale ulipogonga panakuwa pakubwa, ukigonga tena mara tatu panarudi, na hii ipo hata kwenye simu za tangu 2012. Kwa lebo ya dawa iliyopigwa picha au risiti hakuna kitu kizuri kama hicho. Watu wanapita sehemu ya Ufikivu wakidhani ni ya wengine, mimi naona ndo sehemu bora kuliko zote kwenye simu na kila mtu angeanzia huko.

Kama menyu ziko kwa Kiingereza na zinakuchosha badilisha lugha iwe Kiswahili, ipo kwenye orodha ya lugha. Kabla hujabadilisha tu angalia umepita wapi ili ukitaka kurudi ujue njia.

Sasa kelele. Simu inalia siku nzima kwa vitu visivyokuhusu, mchezo unakwambia urudi kucheza, duka linatangaza ofa, mpaka meseji ya mtu wa maana inapita huioni. Arifa ikija usiifute tu, ibonyeze na kuishikilia, itakuonyesha apu iliyoileta na hapo unazima arifa zake moja kwa moja. Fanya hivyo kila inapokuja isiyo na maana, taratibu tu, siyo lazima siku moja. Alafu fungua jina la mtu kwenye majina yako, weka mlio wake mwenyewe, ili ukiwa jikoni simu ikilia ujue huyu ni mwanangu huyu ni daktari bila kuifuata. Na kwenye Usinisumbue, ile ya kunyamazisha simu, usiku ruhusu wale wachache uliowawekea nyota kwenye majina yako tu, wengine wasubiri asubuhi.

Kukwama kwama mara nyingi ni hifadhi imejaa. Simu ya zamani ina nafasi ndogo, ikibaki kidogo sana inahema. Kwenye WhatsApp zima ile ya kupakua picha na video zenyewe, hapo utaokoa nafasi na bando pia, maana zile video za asubuhi njema za magrupu ndo zinakula kila kitu. Apu zilizokuja na simu ambazo huwezi kuzifuta nyingi unaweza kuzizima, zinabaki pale lakini hazifanyi kazi. Kuna na ujanja mwingine, ingia Kuhusu simu, gonga nambari ya muundo (kwa Kiingereza Build number) mara saba, itafunguka menyu ya wasanidi, yaani watengeneza apu, humo kuna sehemu tatu za kasi ya uhuishaji, yaani madoido ya skrini, zote ziweke 0.5x, ndo nusu ya muda wake. Simu haiongezeki nguvu, ila yale madoido ya kufungua na kufunga yanakuwa mafupi na unaona tofauti hapo hapo. Vingine vya humo viache kabisa, hapo sitanii.

Kuhusu chaji, kinachokula sana ni mwanga wa skrini, kwa hiyo punguza mwanga na muda wa skrini kukaa wazi. Mandhari meusi yanaokoa chaji kama skrini ni ya OLED, ile ambayo sehemu nyeusi haiwaki kabisa, kwa skrini za kawaida za LCD ni kupumzisha macho tu. Ila betri iliyochoka haiponi kwa setingi, na ukiona mgongo wa simu umetuna acha kuichaji, peleka ibadilishwe.

Angalia na tarehe. Simu ikiishiwa chaji ikakaa imezima muda mrefu tarehe inaweza kurudi nyuma miaka, na hapo tovuti nyingi zinagoma kufunguka zinasema siyo salama, watu wanadhani intaneti imekufa kumbe ni saa. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe.

Kitu kimoja sitakificha shangazi, kuna jambo setingi haziwezi. Angalia tarehe ya sasisho la usalama, yaani marekebisho ya kuzuia wezi wa mtandaoni, hapo Kuhusu simu, kama ni la miaka mingi nyuma na hakuna jipya, hiyo simu itumie kwa kuongea, picha na kusoma, mambo ya benki yafanyie kwenye simu nyingine. Na kuanzia Android 6 ya 2015 unaweza kunyima apu ruhusa moja moja, kwa hiyo pitia uone nani ana maikrofoni na nani anajua ulipo, apu ya tochi haina sababu ya kusoma majina yako.

Mwisho weka loki, kisha andika kwenye skrini ya loki namba ya mtu wa kupigiwa ukipata shida, simu nyingi hata za zamani zina hiyo sehemu, aidha kwenye usalama au kwenye maelezo ya dharura. Weka namba ya binti yako, yangu huwa nazima nikiwa kazini. Na kama majina ya menyu yako hayafanani na haya niliyoandika, juu kabisa ya Mipangilio huwa kuna sehemu ya kutafuta, andika fonti au arifa itakuletea, ikigoma nipigie jioni tuitafute wote.