Malalamiko: dukati ya Salzburg mliyoniuzia ina lehemu

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile dukati, yaani sarafu ya zamani ya dhahabu, ya Askofu Mkuu Paris Lodron wa Salzburg (Austria ya leo), ya 1642, niliyoshinda kwenye mnada wenu wa mtandaoni. Kwenye katalogi mliandika wenyewe kwamba haijatobolewa wala haijawahi kuvaliwa, skrinshoti ninayo, sasa mzigo umefika na sio kweli kabisa.

Iangalieni pale juu katikati, upande wa ngao. Juu ya ile kofia yenye vishada ukingo umevimba kidogo na rangi yake imepauka kuliko dhahabu ya kwingine, hiyo ni lehemu, halafu ukigeuza upande wa pili, juu ya kichwa cha Mtakatifu Rupert, msimamizi wa Salzburg, kuna mikwaruzo ya tupa yote imelala upande mmoja na herufi za hapo zimeliwa nusu. Hii iliwekwa kikuku, kile kipete cha kuning'inizia, ikavaliwa kwenye mkufu, baadaye fundi akakitoa akasawazisha. Nimeipima pia, dukati inatakiwa iwe gramu 3.49 hivi, hii ina 3.41. Na kwenye picha zenu sehemu hiyohiyo ndo imepigwa na mwanga wa taa haionekani kitu.

Kijana wenu kanijibu eti sarafu ya miaka karibu 400 lazima iwe imechakaa. Jamani, kuchakaa na kulehemewa ni vitu viwili! Kuchakaa kunaanzia sehemu zilizoinuka, uso wa mtakatifu, pipa lake la chumvi, yule simba wa ukoo wa Lodron, na kwenye hii vyote viko safi, mkia wa simba umejisokota fundo na fundo unaliona vizuri tu, ndo maana inaniuma zaidi.

Mimi nakusanya dukati moja kwa kila askofu mkuu aliyetawala Salzburg kama mfalme, kuanzia Wolf Dietrich aliyeingia 1587 mpaka Colloredo ambaye utawala huo ulimfia mikononi 1803. Huyu Lodron ndo nilikuwa namtaka kuliko wote, alifungua chuo kikuu 1622 na akauepusha mji wake na vita ya miaka 30 wakati Ujerumani inateketea. Nililipa bei ya sarafu safi, na kila anayefanya biashara hii anajua iliyowahi kuvaliwa bei yake inashuka sana.

Kwahiyo punguzo mlilonipa silitaki. Nataka hela yangu yote, pamoja na kamisheni ya mnada na gharama ya kutuma, na usafiri wa kuirudisha wenye bima mlipe nyinyi. Na mkiiuza tena tafadhali andikeni wazi kwamba ilivaliwa, asije mwingine akaingia hapohapo.

Picha nilizopiga kwa lenzi ya kukuzia nimeambatanisha.

Mteja wenu