Sokwe wa Mto Gambia wana kanuni, watoto wa shule hawana

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu safari za meli katika Mto Gambia na nimeifurahia, kwani ni nadra gazeti la Kiswahili kumfikisha msomaji wake Afrika Magharibi. Yote mliyoyasifu nayakubali: mikoko, viboko, mawe ya kale yaliyosimikwa kwa duara kule Wassu, ukimya wa maji alfajiri. Ila makala ilikaa sana melini. Ilipofika pale abiria wanaposhuka kwenda kuona vijiji, ikapita kwa sentensi mbili, kama vile kijiji nacho ni sehemu ya mandhari. Hapo ndipo ninapoomba nafasi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na kazi yangu ni ukalimani. Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Banjul, maana Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake pale tangu 1989. Kikao kilipokwisha nilikuwa nimebakiwa na siku saba kabla ya ndege yangu, nikalipia nafasi katika meli ndogo ya watalii inayopanda mto. Tulikuwa abiria thelathini na ushei. Ukiwaondoa wafanyakazi, Mwafrika nilikuwa mimi peke yangu.

Kwa asiyeijua Gambia, nchi yenyewe ni mto. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 11,300 hivi, ukanda mwembamba unaoufuata mto kwenye kingo zote mbili, na Senegali imeizunguka pande zote isipokuwa upande wa bahari. Mto unaanzia milima ya Futa Jalon kule Guinea na kuteremka zaidi ya kilomita 1,100. Wakati wa kiangazi maji ya bahari hupanda mbali sana ndani ya nchi, ndiyo maana siku za mwanzo unasafiri katikati ya mikoko na chaza. Kisha mikoko inapungua, michikichi inaanza, maji yanakuwa matamu na viboko wanatokea. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anaona raha hata kuunusa mto wa namna hiyo.

Siku ya kwanza tulishuka vijiji vya Albreda na Juffureh, tukavushwa hadi Kisiwa cha Kunta Kinteh. Mtu wa Ujiji hawezi kukanyaga pale kama mtalii wa kawaida. Kwetu misafara ya watumwa ilikusanyika chini ya miembe kabla ya kuianza njia ya Bagamoyo. Kule waliokamatwa waliteremshwa na mto hadi kwenye meli za Atlantiki. Ngome ile ilianza kujengwa na watu wa Courland, sehemu ya Latvia ya leo, mwaka 1651, na Waingereza wakaitwaa 1661. Kilikuwa kikiitwa Kisiwa cha James hadi 2011, kilipopewa jina la Kunta Kinteh, Mmandinka anayesimuliwa kuwa alikamatwa kule akauzwa utumwani Amerika. UNESCO ilikitia katika urithi wa dunia mwaka 2003, pamoja na majengo ya Albreda na Juffureh na ngome za mdomoni mwa mto. Maji yanakila, na kuta zilizobaki zimezungushiwa mawe ya kuzuia mawimbi. Mwongozaji wetu alieleza yote vizuri, kwa heshima, na pale kisiwani hakuna aliyecheka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu kilitokea siku nne baadaye, juu ya mto, na kilianza kwa jambo zuri.

Asubuhi na mapema tulipanda boti kutoka Kuntaur, bandari ya zamani ya karanga, tukaenda kwenye visiwa ambavyo wenyeji wa meli huviita Visiwa vya Nyani, ingawa wanaotafutwa pale ni sokwe. Sokwe walikwisha kutoweka Gambia mwanzoni mwa karne iliyopita. Hawa walioko ni wale walionyang'anywa wafanyabiashara wa wanyama, pamoja na vizazi vyao. Kazi hiyo ilianzishwa 1969 na Stella Brewer. Kwanza aliwapeleka mbuga ya Niokolo-Koba, Senegali, lakini sokwe wa porini wa kule waliwashambulia wageni, ikabidi wahamishiwe visiwani mwaka 1979. Leo wamepita mia moja.

Kabla boti haijaondoka, mwongozaji alisimama mbele akatusomea masharti. Hakuna kushuka. Hakuna kutupa chakula. Hakuna kupiga kelele. Boti itakaa mbali na ukingo. Akaeleza sababu: mafua yetu ya kawaida yanaweza kuua familia nzima ya sokwe. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Hifadhi ya sokwe ya Gombe iko jirani na kwetu, na wazee bado wanakumbuka ugonjwa wa kupooza uliowapata sokwe wa kule mwaka 1966. Mahale, hifadhi nyingine ya mkoa wetu, mgeni huvaa barakoa, watu sita kwa kundi, saa moja basi. Abiria wenzangu waliitikia kila sharti bila kinyongo. Bwana mmoja aliyekuwa na kikohozi aliomba mwenyewe akae nyuma kabisa. Tulimwona jike mmoja ameketi juu ya mzizi, mtoto mgongoni, anatutazama. Alikuwa mbali, na hakuna aliyelalamika.

Siku hiyohiyo, saa tano asubuhi, tulipelekwa kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja karibu na mto. Sitakitaja. Hatukusomewa sharti hata moja.

Tuliingia darasa la tatu, watu thelathini na kamera zetu, katikati ya kipindi cha hesabu. Ubaoni palikuwa na hesabu ya kutoa: 402 kutoa 157. Mwalimu alikuwa amekopa, ameandika 5 upande wa mamoja, na chaki ilikuwa bado mkononi. Makumi na mamia yalikuwa hayajafikiwa. Alisogea mlangoni kutupisha. Watoto walisimama wakaimba, na ilionekana wazi kwamba wanaujua mpangilio: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, makofi. Mzee mmoja wa kundi letu aliinama na kamera yake kubwa hadi ikawa kama shubiri moja kutoka usoni mwa msichana wa dawati la mbele. Msichana hakukwepa. Alikaza macho na kusubiri iishe. Hakuna aliyemuuliza jina, nami pia sikumuuliza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kisha mama mmoja akatoa mfuko wa peremende. Mstari ukavunjika, mtoto wa kiume akasukumwa akaangukia kona ya dawati, mdomo ukachanika. Kalamu zilizogawiwa zilikuwa kama ishirini, na watoto walikuwa wanakaribia hamsini. Tulikaa dakika ishirini na tano. Nilibaki nyuma nikamuuliza mwalimu kama hutokea mara nyingi. Akanijibu kwamba msimu wa watalii, Novemba hadi Aprili, meli huja karibu kila juma, na msimu huo ndio moyo wa mwaka wa shule. Nikamuuliza shule inalipwa nini. Alitazama zile kalamu.

Tulipotoka, wanawake wawili kando ya njia walianza kutwanga kundi lilipowakaribia. Picha zikapigwa. Nilipita karibu nikachungulia: kinu kilikuwa kitupu.

Bwana Mhariri, nisieleweke vibaya. Sisemi sokwe walindwe kidogo, wala simlinganishi mtoto wa mtu na mnyama. Ninachosema ni kwamba watu walewale, siku ileile, walionyesha kuwa wanaweza kutii masharti. Walikaa mbali walipoambiwa wakae mbali, na walipoelezwa sababu waliielewa. Kwa hiyo siwalaumu sana abiria. Aliyepanga safari alijua kuandika kanuni za kisiwani na hakuona haja ya kuandika za darasani.

Na kanuni zenyewe zipo, za zamani kuliko meli. Nilizisikia kwa mzee aliyekuwa ameketi bantaba, ile jukwaa ya chini ya mti ambako wanaume wa kijiji hukutana. Nilimtolea salamu alaikum, akanisogezea nafasi, akaendelea kupika ataya, chai yao ya kijani inayonywewa vikombe vidogo mara tatu. Akaniambia mgeni wa desturi hupelekwa kwanza kwa alkalo, mkuu wa kijiji, akiwa na kola mkononi. Anataja atokako na linalomleta. Ndipo kijiji kinapojua kimpokee vipi na nani amsindikize. Wageni wa meli, alisema, hupita kwa alkalo kama upepo. Nilipoaga akasema "abaraka", ndiyo asante ya Kimandinka. Nikamwambia neno hilo ni letu pia, akacheka na kunishika mkono kwa muda mrefu. Yale mazungumzo yalikuwa ya robo saa, na ndiyo ziara pekee ya kijiji niliyoifanya katika safari nzima.

Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika shule ile mwenyeji alipoteza kipindi cha hesabu na kuchanika mdomo.

Nilipolizungumza jambo hili melini usiku, mwongozaji, kijana mpole na msomi, alinijibu kwamba bila meli watoto wale wasingepata hata kalamu. Ni jibu zito na sikulidharau. Tangu Waswidi wa kwanza waje kutalii mwaka 1965, utalii umelisha nyumba nyingi za Gambia, na yeye mwenyewe alikuwa analipia wadogo zake ada kwa kazi ileile. Lakini kalamu ishirini kwa watoto hamsini zinafundisha kusukumana. Mtoto anayejifunza kwamba tubabu, yaani mzungu, akionekana vitu hutoka, kesho ataacha darasa akakae gatini. Nimewaona wa namna hiyo kwenye magati mengine, wa umri wa kuwa darasani, saa za darasa.

Tena Gambia yenyewe inajua njia nyingine. Tumani Tenda, kijiji cha Wajola kando ya kijito, kina kambi ya wageni ambayo ni mali ya kijiji. Mgeni akilala pale, hela yake inaingia katika mfuko wa wote, na wenyewe ndio wanaoamua mgeni aone nini: bustani, mikoko, kazi za mikono. Chini ya mto, karibu na Banjul, kina mama wavunaji wa chaza wa umoja wa TRY walikubaliana miezi ya kuvuna na miezi ya kuuacha mto upumzike, na mwaka 2012 wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watu wanaoweza kukubaliana hata juu ya chaza hawashindwi kupanga siku na saa ya kupokea wageni.

Wakiulizwa, bila shaka watataka wageni wafike kwanza kwa alkalo. Watataka shule iachwe saa za masomo, na kama lazima ionekane, iwe Jumamosi, watoto wakiwa na wazazi wao. Peremende zisigawiwe kabisa. Anayetaka kusaidia ampe mwalimu mkuu mbele ya kamati ya shule, kiandikwe kilichotolewa. Na kundi la watu thelathini ligawanywe, kwa sababu thelathini hawawezi kuwa wageni wa mtu, ni msafara. Hayo yote hayaipunguzii meli faida hata kidogo.

Najua miongoni mwa wasomaji wenu wapo wanaofanya kazi Banjul, Dakar na kwingineko kule, na wengine wako Ulaya ambako safari hizi huuzwa. Naomba atakayepanda meli aulize kabla ya kulipa: katika kila gati mnalotushusha, nani kijijini amekubali tuje, na analipwa nani? Akijibiwa kwa jina la kamati, au alkalo, au umoja wa kina mama, apande kwa moyo mweupe. Mto ule ni mzuri kuliko nilivyoweza kuueleza hapa. Akijibiwa kwamba watoto watafurahi tu, asishuke.

Nanyi, Mhariri, mkiandika tena kuhusu safari hizi, pamoja na nauli ya meli chapeni na hilo jibu.

Wenu,
Mkalimani, Ujiji, Kigoma