Barua kwa Mama Baraka: amali au jumla?

Moshi, Jumapili jioni

Mama Baraka mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kila nikianza kukujibu nafuta. Mambo mengine hayajibiki kwa dole gumba. Ndiyo maana nimechukua kalamu, kama enzi zetu za chuo tulipokuwa tukiandikiana wakati wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha, wewe kule porini kwako na mimi kwangu, kila mmoja akimlilia mwenzake jinsi darasa lilivyomshinda.

Sisi hatujambo. Glory amepona kabisa, anakula hadi namwonea huruma baba yake. Mlima umejifunika tangu Jumatano. Poleni na joto la huko kwenu.

Sasa hilo la Baraka. Unauliza akimaliza darasa la saba umpeleke shule ya mkondo wa amali, ule wa ujuzi wa kazi kama ufundi, au wa jumla, ule wa masomo ya kawaida, na baba yake ameshasema hajalipa ada miaka yote hiyo ili mtoto akasomee useremala. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana miaka kumi iliyopita ningesema vilevile. Ngoja nikusimulie kitu kwanza.

Mwezi uliopita pampu yetu ya kisima iliungua. Baba Glory akaniambia nyuma ya soko la Mbuyuni kuna kijana anasuka mota vizuri, nikaifunga kwenye kanga nikapanda nayo bodaboda, imenilalia mapajani kama mtoto mchanga. Kufika, kijana akainua kichwa: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba huku sura inanirudia polepole. Nilimfundisha hesabu kidato cha pili hadi cha nne. Alikuwa anakaa dirishani. Mtihani wake wa mwisho kwangu alipata 11 kwa 100, na nakumbuka niliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Huna juhudi."

Akaifungua mota mbele yangu. Stata, ile sehemu isiyozunguka inayovishwa waya, ina matundu 24, na waya wote umekuwa mweusi. Akakata kwa patasi, akaanza kuuchomoa huku anahesabu raundi moja moja, midomo inacheza. Kila akimaliza koili anaandika kwenye kaunta buku lake: ya nje 48, inayofuata 44, na kuendelea. Mama Baraka, zile safu zilikuwa zimenyooka! Namba chini ya namba, kichwa cha jedwali, tarehe, jina la mteja. Mimi nimeimba wimbo huo ubaoni mpaka sauti ikakauka.

Kisha akapima unene wa waya kwa maikromita. Ni milimita 0.80. Akageukia rafu yake ya waya wa shaba, akatikisa kichwa. "Leo sina 0.80, mwalimu. Nitashika miwili myembamba pamoja."

Nami, kwa kile kiburi chetu cha chaki, nikamsaidia: "Yaani 0.40 na 0.40."

Akatabasamu kwa adabu sana. "Hapana, mwalimu. Hiyo itaungua kesho. Ni 0.55 na 0.60."

Nikabaki nimeduwaa. Mwalimu wa hesabu, miaka 14 kazini, nimesahihishwa na mtoto wa alama 11. Nikamuuliza kwa nini iwe hivyo. Akanionyesha ukurasa wa mwisho wa daftari, jedwali alilonakili kwa bosi wake aliyemfundisha kazi. Bosi naye alilipata kwa aliyemfundisha yeye. "Ndivyo ilivyo," akasema. Sababu haijui, wala bosi hakuwahi kuijua.

Nikavuta ndoo nikakaa. Umeme haupiti kwenye upana wa waya, unapita kwenye eneo lake, na waya ukiukata unaona duara. Kwa hiyo unalinganisha vipeo vya pili vya upana wake. 0.80 mara 0.80 ni 0.64. 0.40 mara 0.40 ni 0.16, na ukijumlisha miwili unapata 0.32, nusu tu ya unachotaka, lazima uungue. Lakini 0.55 inakupa 0.3025 na 0.60 inakupa 0.36, jumla 0.6625. "Imezidi kidogo," akasema papo hapo, "ndiyo maana huwa inaingia kwa shida kwenye tundu." Akaninyang'anya kalamu. Kwenye jedwali lake 0.70 haikuwepo. Akaandika, akafuta, akapiga hesabu kwenye simu: 0.49. Akajaribu 0.50 mbili, akapata 0.50 kamili. Akaziangalia zile namba kwa muda.

"Mwalimu, hii ndiyo ile pai ari skweya?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Ukweli ni kwamba na mimi sikujua. Eneo la duara nimelifundisha kila mwaka kwa mfano wa shamba la mviringo la mzee fulani. Wewe umewahi kuona shamba la mviringo hapa Uchaggani? Kihamba chenyewe, shamba letu la ukoo, kina pembe saba na kesi mbili mahakamani.

Basi hapo ndipo moyo wangu ulipo kwenye hilo swali lako. Sera mpya, ile ya mwaka 2014 toleo la 2023, imegawa sekondari mikondo miwili, na tangu Januari 2024 watoto wa kidato cha kwanza wameanza kuingia huko. Siipingi. Nimechoka kuwaona vijana wanamaliza kidato cha nne hawajawahi kushika kitu chochote kizito kuliko rula. Na si kweli, kama anavyodhani Baba Baraka, kwamba mtoto wa amali anaachana na vitabu: Hisabati ipo, Kiingereza kipo. Ninachoogopa ni ukuta. Upande huu "kwa nini" bila mota, upande ule mota bila "kwa nini", na wanaopelekwa upande ule wawe ni wale tuliowaandikia kwa wino mwekundu. Utaona, walimu wenyewe ndio tutakaoanza: "Huyu kichwa kigumu, mpelekeni amali."

Na si jambo jipya la kushangaza, kuviweka vitabu na karakana pamoja. Pale Moshi Ufundi, na Ifunda, na Tanga, na Bwiru, zile sekondari za ufundi, vijana walisoma fizikia asubuhi na kuingia karakana mchana, na hakuna aliyewaita waliofeli. Kaka yangu mkubwa aliililia nafasi hiyo akaikosa.

Nisikuchoshe, lakini kuna jambo jingine la yule kijana ambalo linaniuma kuliko hesabu. Wakati vanishi inakauka tukapiga soga, akanieleza kwamba mwaka jana alikopa fedha za kununulia waya. Mkopo wa kausha damu. Mkataba ulikuwa kurasa tatu za Kiingereza, akaoneshwa pa kuweka sahihi, akaweka. Kumbe aliahidi riba ya kila wiki, yeye akidhani ni ya mwezi. Walimchukulia mashine ya kuchomelea na pikipiki. Nikamuuliza kwa nini hakusoma. Akaniangalia tu. Sisi ndio tuliomfundisha miaka minne mizima kwa Kiingereza, historia kwa Kiingereza, baiolojia kwa Kiingereza, na hatimaye hawezi kusoma kurasa tatu ambazo maisha yake yamefungwa humo. Wala hakuthubutu kusema "subirini nikamuulize mtu", kwa sababu darasani kwetu anayeuliza huchekwa, na mimi nikiwa mmoja wa waliokuwa wanacheka. Ukiniuliza mtoto afundishwe nini, Mama Baraka, hilo la kusema "sijaelewa, rudia" mbele ya mtu aliyevaa tai ningeliweka kabla ya logarithimu. Na nazipenda logarithimu, unanijua.

Ulisema pia kwamba dawa ni ujasiriamali ufundishwe mashuleni. Mwenzangu, hapo tutagombana. Nimeona madaftari. "Taja sifa tano za mjasiriamali." Mtoto anakariri kwamba mjasiriamali ni mthubutu, huku akiomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kutetemeka.

Unakumbuka EK ya utotoni kwetu? Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, na alisema wazi kwamba elimu ya msingi ijitosheleze yenyewe, isiwe ngazi tu ya kwendea sekondari. Shule ziwe na mashamba. Hayo yote tunayakumbuka. Lakini alisema pia kwamba wanafunzi washiriki kuamua: walime nini, mapato yafanye nini. Kipande hicho sijui kilipotelea wapi njiani, maana sisi tulimwagilia kabichi ambazo hatukuwahi kuzionja, na jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Nilikua nikiamini EK ni kirefu cha kubeba samadi kichwani.

Mwaka huu nikajaribu hicho kipande kilichopotea. Kuna kiwanja nyuma ya madarasa ya kidato cha pili, na mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita juu yake. Zamu yetu ya maji ni Alhamisi. Nikawapa wanafunzi 40 shilingi 60,000 za mfukoni mwangu nikawaambia mimi siamui kitu. Walibishana siku mbili. Wengi wakataka nyanya kwa sababu ya bei, msichana mmoja mpole akasema figiri, ile mboga ya majani, inatoka haraka na hasara yake ndogo. Akashindwa kwa kura. Alhamisi ya tatu waliopangwa zamu wakaenda mpirani, maji yakapita kwenda kwa jirani. Kisha akaingia kantangaze. Umewahi kumwona? Kidudu chenyewe hukioni, unaona jani limechorwa njia nyeupe, na wiki ya pili nyanya ina tundu. Tulivuna ndoo mbili na nusu tukauza 22,000.

Mkuu wetu akaniuliza kwa upole kama nimejifunza. Nimejifunza, ndiyo. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, watoto walinifuata ofisini bila kuitwa, wana swali. Hasara ni asilimia ngapi? Kwa nini kantangaze hafi kwa dawa ya dukani? Wakamburuta mwalimu wa baiolojia hadi shambani, na yeye akiwa na viatu vya harusi. Wale waliokwenda mpirani wamejipangia wenyewe fidia, sikutia neno. Yule msichana wa figiri sasa ndiye mweka hazina, hakuna anayempinga tena. Muhula ujao ni figiri.

Sitaki nikudanganye kwamba wamefaulu zaidi. Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa uleule, na vipindi viwili vya aljebra vilikufa shambani na bado navidaiwa.

Kwa hiyo jibu langu: usichague mkondo, chagua shule. Nenda siku ya kawaida, siyo siku ya wazazi. Omba kuiona karakana, na uangalie kama watoto wana mafuta ya mashine mikononi au mashine zimefunikwa nailoni tangu ziletwe. Mtafute mwalimu wa hesabu, muulize mara ya mwisho aliingia lini mle karakana. Akikwambia siyo idara yake, mshukuru, chukua mkoba wako. Na kama ni shule ya jumla, uliza swali hilohilo kwa namna nyingine: watoto wanashika nini, na nani anaamua. Usiulize wastani wa ufaulu, watakuambia tu hata usipouliza.

Na Baraka mwenyewe umemuuliza? Katika dakika zote sita za ujumbe wako nimemsikia baba yake, wewe, shangazi yake na mchungaji. Yeye sikumsikia.

Likizo ya Juni mlete kwetu wiki mbili. Nimeshaongea na yule kijana, amekubali akae naye asubuhi, afunge koili na kuhesabu raundi. Mchana arudi kwangu tuangalie zile namba zinasema nini. Asije na nguo nzuri, vanishi haitoki. Nauli ya kurudi nitampa mimi.

Pampu inavuta maji vizuri, tena haina kelele kama zamani. Ile feni yenu iliyokufa tangu Krismasi, ambayo Baba Baraka anasema ni ya kutupa, mpe Baraka aje nayo.

Wako,
Mama Glory