Majina Yaliyopigwa Mstari

Walukuba, Jinja

Kwa mpendwa Hajati,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe na jamaa zako wote wa Bombo mkiwa na afya njema. Sisi huku ni wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo yalistaafu kabla yangu. Mama Kengele anakusalimu sana na kuuliza kama bado unaogopa popo. Nimeamua kuandika kwa mkono na kumwachia mjukuu wangu aipige picha karatasi hii na kuituma, kwa maana jambo lililonisumbua halienei katika zile jumbe fupi za simu.

Kamati ya wanafunzi wa zamani imeazimia kuchapisha kijitabu cha historia ya shule yetu, na mwenyekiti wake si mwingine bali ni yule kiranja wetu wa chakula, ambaye hata leo anagawa kurasa kama alivyokuwa akigawa nyama siku za Jumapili: minofu kwa wakubwa, mchuzi kwa waliosalia. Wakuu wa shule wamepewa kurasa zao, waheshimiwa waliosoma kwetu wamepewa zao pamoja na picha, na mimi nimeachiwa sura ya maisha ya wanafunzi, nikaagizwa nilete mambo ya kuchekesha.

Nimeyaleta. Nimeeleza habari ya maharage yaliyobunguliwa, ambayo Senia ya Kwanza walilazimika kuyachambua usiku kwa niaba ya Senia ya Nne; mche wa sabuni uliokatwa kwa uzi ili utoshe bweni zima; mukene, yaani dagaa, wa Masese ulionuka hadi maktaba. Nimeeleza pia jinsi tulivyokunywa uji usio na sukari, ilhali mashamba ya miwa ya Kakira yalikuwa yakionekana barabarani kila tulipokwenda Iganga. Mwenyekiti alicheka hapo, lakini nilipoeleza sababu ya kukosekana kwa sukari, yaani kwamba wenye kiwanda walifukuzwa nchini mwaka 1972 na uzalishaji ukaporomoka hadi sukari ikawa bidhaa ya magendo, akaikata sentensi hiyo kwa kalamu. Eti inarefusha.

Hapo ndipo nilipoomba kuziona rejista za zamani. Zimehifadhiwa katika stoo iliyo nyuma ya maabara, baadhi zimeliwa na mchwa, lakini nyingi zinasomeka. Unajua kwamba shule yetu haikuanzishwa na wamisionari kama Namilyango ya mwaka 1902 au Gayaza ya 1905, wala haikujengewa wana wa machifu kama Budo. Serikali ya kikoloni iliijenga kwa ajili ya watoto wa Kihindi, wakati kila rangi ilipokuwa na shule zake, na sisi wengine tulifunguliwa milango baada ya Uhuru. Katika rejista ya 1972 majina ya Kihindi na ya Kiafrika yamechanganyika vizuri hadi mwezi wa Agosti, Rais Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini. Kutoka hapo karani amepiga mstari wa wino mwekundu, jina moja baada ya jingine, na pembeni ameandika neno moja tu: ameondoka. Kuna ukurasa ambao mistari ni mingi kuliko majina yaliyobaki. Walimu nao waliondoka, na hivyo ndivyo fizikia ilivyokuja kufundishwa na mwalimu wa dini, ambaye, Mungu amrehemu, alijitahidi.

Utakumbuka kwamba tulipofika sisi, madawati bado yalikuwa na herufi za Kigujarati zilizochongwa kwa ncha ya bikari. Wewe ndiye uliyekuwa ukizifuata kwa kidole na kuniuliza kama ni jina la mtu au ni tusi. Wakati ule hatukuwa na wa kumuuliza, na sasa madawati yenyewe yamekwisha kuwa kuni.

Kisha nikafungua rejista ya Senia ya Nne ya 1979. Hajati, nilisita kuifungua. Hapa hakuna wino mwekundu wala neno ameondoka. Watoto wa kambi ya jeshi, na ninyi Wanubi mliokuwa mkikaa mjini, mliohesabiwa kuwa watu wa Amin, mna alama za mahudhurio hadi katikati ya Aprili, halafu visanduku vitupu hadi mwisho wa ukurasa, kana kwamba mwalimu alikuwa akiwangoja mrudi. Jina lako liko juu ya langu, kama ilivyokuwa siku zote. Mimi nina alama na wewe huna.

Ninarudi hapo kila usiku ninapoketi kuandika. Wanajeshi wa Tanzania waliokuja kumwondoa Amin walipoingia Jinja tarehe 22 Aprili, siku 11 baada ya Kampala kuanguka, ofisa wao alifika shuleni akizungumza Kiswahili fasaha ambacho mkuu wa shule hakuweza kukijibu. Fikiria: ingawa serikali ilikuwa imekitangaza kuwa lugha ya taifa tangu 1973, pale uwanjani ukikamatwa ukikisema ulivishwa kibao shingoni, sawasawa na aliyesema Kisoga au Kinubi. Siku hiyo wale wa kibao ndio waliotafutwa kwa haraka ili watafsiri, lakini ninyi mliokijua vizuri zaidi mlikuwa mmekwisha kwenda kaskazini, wengine wakivuka mpaka kuingia Sudan kwa sababu tu ya kabila la baba zao. Nikaitwa mimi, mtoto wa Walukuba, kwa kuwa huku mtaani wafanyakazi wa viwandani walitoka kila pembe ya Afrika Mashariki na hapakuwa na lugha nyingine ya kununulia nyanya. Nilitafsiri nikitetemeka. Ofisa alitaka kujua tu kama kuna maji.

Mwenyekiti anasema kwamba mambo hayo yatawakera watu, kwamba kijitabu ni cha sherehe, na kwamba majirani zetu wa shule ya Mwiri wanajivunia Rais Obote, aliyesoma kwao, bila kuchimba makaburi. Nilimjibu kwamba Mwiri wana Obote, nasi tuna orodha mbili zenye mashimo, na asiyeziandika hajaandika historia ya shule hii bali ya jengo lake. Alinyamaza, kisha akasema nitapewa ukurasa mmoja, endapo mhusika mwenyewe atakubali. Ukurasa mmoja! Wadhamini wa jezi wana miwili.

Cha ajabu ni kwamba sasa Kiswahili ni somo la lazima katika Senia ya Kwanza na ya Pili, tangu mtaala mpya wa 2020, na shule inahangaika kupata walimu. Kijana anayekifundisha alisomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, ni mwerevu, lakini nilipomweleza habari ya kibao alidhani ninatunga. Yeye ndiye anayetaka kuusoma ukurasa huo darasani.

Kwa hiyo ninakuomba, si kwa niaba ya kamati bali kwa niaba yangu. Je, unaniruhusu niandike jina lako, au niandike tu "msichana wa Bombo"? Mliondoka usiku au mchana, na ni nani aliyekuambia usirudi bwenini? Ulifanya mtihani wa Senia ya Nne huko Sudan, au ulikuja kuufanya baada ya kurejea? Wewe na wenzako wa kambini mlipata kuonana tena, hasa yule mrefu aliyekuwa akiimba paredini? Sanduku lako la bati lilikaa chini ya kitanda hadi likizo, kisha matroni akalichukua. Lilikuwa na nini ndani? Na ukipenda tuyaache yote haya, utaniambia waziwazi bila kuniogopa?

Kamati itakutana kabla ya muhula kufungwa, na mchapishaji hangoji mtu. Ukichoka kuandika, zungumza tu katika simu na mjukuu wako arekodi, nitayanakili mwenyewe.

Wasalimie wote.

Ni mimi dada yako,
Nabirye