Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya chuo

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unataka kazi ya fedha kwenye kampuni kubwa, ukae na wakubwa mkiamua pesa itoke wapi na iende wapi, na mjomba wako kakwambia shahada yoyote yenye neno "biashara" inatosha. Mjomba wako nampenda, lakini hapo kakosea.

Kumbuka lile lori letu la Fuso. Mwaka 2018 nilikopa shilingi milioni 30 kuinunua, nikakubali kulipa kwa miezi 12 kwa kuwa niliogopa deni la muda mrefu. Hiyo ni milioni mbili na nusu kila mwezi, riba kando. Lori lilikwenda Kampala na kurudi Busia, na ukitoa dizeli, dereva na matairi, lilinibakishia milioni 1.6. Pengo nililiziba kwa kuuza mahindi ya stoo, mpaka stoo ikabaki na panya. Mwisho wa mwaka mhasibu akanifungulia kitabu: faida! Wala hakukosea. Kwenye hesabu ya faida bei ya lori inakatwa kidogo kidogo kwa miaka litakayotumika, na kurudisha mkopo hakuandikwi kama gharama. Nilibaki naitazama ile namba iliyopigiwa mistari miwili chini, na ada yako ya muhula sina.

Mkopo uleule kwa miezi 36 ungenidai kama 830,000 kwa mwezi na riba juu yake, na lori lingejilipia lenyewe. Kazi unayoitaka ndiyo hiyo, kupanga deni liendane na pesa inayoingia, ila ina sifuri nyingi zaidi.

Kwa hiyo usiangalie jina la shahada, angalia orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Uhasibu upo mpaka mwisho au wanaugusa tu? Takwimu zipo? Kuna somo la fedha za makampuni lenyewe, la kupima mradi, gharama ya mtaji (yaani pesa ya kuendeshea kampuni inagharimu kiasi gani kuipata), kuuza hisa dhidi ya kukopa? Kwa ninavyoona mimi, B.Com, yaani shahada ya biashara, pale Makerere au kwenye chuo cha biashara cha MUBS kule Nakawa, ukiegemea uhasibu na fedha, itakufaa. Hesabu zikikukubali kama zamani, basi Uchumi wa Takwimu pia ni njia nzuri, lakini uhasibu itabidi uutafute pembeni. Utawala wa biashara sikukatazi. Nahofia tu utagusa kila kitu na usishike kimoja.

Halafu kuna mitihani ya kitaaluma, na hii wengi huifikiria wakiwa wameshavaa joho. CPA, cheti cha mhasibu kamili cha hapa Uganda, inasimamiwa na ICPAU, chama cha wahasibu. ACCA, cheti cha namna hiyo cha Uingereza, ina mitihani 13, na shahada yenye uhasibu wa kutosha inaweza kukuondolea kadhaa. Waulize kabla hujachagua chuo.

Unakumbuka hisa za MTN, kampuni ya simu, zilipouzwa kwa shilingi 200 kila moja, mwisho wa 2021? Ulikuwa nyumbani, shule zimefungwa, ukaniganda tununue. Mimi nilidhani pesa yetu inakwenda kujenga minara. Wewe ndiye uliyesoma ile karatasi ya maelezo ya hisa ukaniambia, "Mama, anayeuza ni mwenye hisa mkubwa, leseni inamtaka awaachie watu wa hapa sehemu." Siku ile nilijua utaishia kwenye mambo haya, sikusema tu.

Jumamosi dereva anapita Nakawa. Mpe nakala za orodha za masomo za B.Com na Uchumi wa Takwimu, tuzisome kwa simu jioni, mimi na wewe. Mjomba wako naye aweza kusikiliza. Nimekufungia mchele na ile sweta uliyoisahau.

Mama yako